Waliotoka na Umande

Huku Umoja, mtu akishindwa kusoma barua ya benki, au akichanganyikiwa na hesabu ya baki mbele ya foleni, hakawii kusikia: "Huyu alikimbia umande." Yaani hakusoma. Wenzake walipokuwa wakikanyaga nyasi mbichi asubuhi kwenda shule, yeye alijificha kwenye mahindi mpaka jua likapanda. Mimi niliyeacha chuo kikuu kabla ya kuvaa joho nimeusikia usemi huu zaidi ya mara moja, na lazima nikiri ni usemi mzuri. Unauma bila kutukana.

Lakini neno lenyewe lina historia ambayo sisi watu wa bara hatuifikirii. Pwani, umande si yale matone ya juu ya nyasi peke yake. Umande ni upepo pia. Kamusi za zamani za Kiswahili zinautaja kuwa ni upepo wa asubuhi utokao nchi kavu kwenda baharini, na mvuvi wa mtumbwi anaujua vile makanga wa Umoja anavyojua saa ambayo steji hujaa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Hewa ya baridi huteremka kuelekea baharini ikibeba unyevu wa mikoko na mashamba, na asubuhi nyingine, hasa wakati wa mvua, ukungu mwembamba hulala juu ya maji. Mwenye mtumbwi husukuma chombo chake kabla hapajakucha, na upepo huo humpeleka. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto, upepo unageuka, na ule wa kutoka baharini unamrudisha nyumbani na samaki wake. Kwenda bure, kurudi bure. Hakuna petroli, hakuna injini.

Kwa hivyo yule ambaye kwa lugha ya mtaa alikimbia umande, kwa lugha ya Pwani anaweza kuwa ndiye aliyetoka nao. Na hapa ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu historia ya Pwani tuliyosoma darasani inamtendea huyo mvuvi kama mtoto mtoro. Hayumo kwenye rejista.

Kumbuka ulivyofundishwa. Majahazi ya Waarabu na Washirazi yanakuja na kaskazi, yanarudi na kusi. Twiga wa Malindi anapelekwa kwa mfalme wa Ming nchini China mwaka 1415. Vasco da Gama anatia nanga Malindi mwaka 1498. Wareno wanajenga Fort Jesus mwaka 1593. Dhahabu, pembe, vitambaa, watumwa, karafuu. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna mwalimu aliyetuuliza swali dogo: wakati meli hizo kubwa zikingoja upepo ugeuke, miezi kwa miezi, watu wa miji ile walikuwa wakila nini, na nani alikuwa akikileta?

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa mwaka 1331, alijibu kwa mkato. Aliandika kwamba chakula kikuu cha watu wa kisiwa hicho kilikuwa ndizi na samaki. Alilala usiku mmoja tu akaendelea na safari yake ya Kilwa, na hakusema samaki hao walivuliwa na akina nani. Lakini samaki hawatembei wenyewe mpaka jikoni. Lazima kuna mtu aliyekuwa ameamka mapema kumshinda Ibn Battuta.

Ukirudi nyuma zaidi utamkuta mtu huyo. Katika karne ya kwanza, Mgiriki mmoja aliyekuwa akijua biashara ya Bahari ya Hindi aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kinachojulikana kwa jina la Periplus. Anapofika ufuo wetu, ambao Wagiriki waliuita Azania, anataja kisiwa kiitwacho Menouthias. Wataalamu bado wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Anasema huko kuna vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na kuna mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, na wenyeji huitumia kuvulia samaki na kukamata kasa. Anaongeza kwamba wana njia yao ya kutega kwa vikapu, wanavyovishusha mahali maji yanapopita badala ya kutumia nyavu.

Soma tena hapo. Mtumbwi wa gogo. Kikapu cha kutega. Ukienda leo Vanga, Kipini au Faza utamkuta mzee akisuka dema kwa fito, kikapu chenye mdomo unaoingilika na usiotokeka, na ataupakia kwenye mtumbwi akautegeshe kando ya mwamba. Mambo mangapi mengine ya Afrika Mashariki unayoweza kuyaona leo kwa macho yako yakiwa karibu vile vile yalivyoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita? Miji imeanguka, dini zimebadilika, sarafu zimebadilika, wafalme wamepita. Hata mtepe, chombo kikubwa kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kusifika kote Lamu, ulitoweka baharini karne iliyopita na sasa unauona kwa mfano wake tu ndani ya makumbusho. Mtumbwi wa mtu mmoja haujaingia makumbusho. Bado uko kazini.

Nalisema hili kwa sababu ukitafuta kwenye intaneti picha ya mtu mmoja akivua peke yake asubuhi ya ukungu ndani ya chombo chembamba, utaletewa kayak. Sina ugomvi nayo. Kayak ilikuwa chombo cha kazi cha Wainuiti na jamaa zao wa kule Aktiki, fremu ya mti au mifupa iliyofunikwa ngozi ya sili, na mwindaji alikaa ndani yake kutafuta chakula cha watoto wake. Leo nyingi ni za plastiki na hutumika kwa mapumziko ya wikendi. Mtumbwi haujapata likizo hiyo. Mtu akionekana ndani yake alfajiri, jua kwamba kuna sufuria inamngoja.

Wanaochimba ardhi wamemtendea haki mvuvi huyu kuliko wanaosoma hati. Katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, mji wa kale katika kisiwa cha Pate. Maisha ya Shanga yalianza karne ya 8 kama kijiji cha vibanda vya miti na udongo, na baadaye ndipo ukaja mji wa mawe na msikiti wake. Katika tabaka za chini kabisa kulikuwa na mifupa ya samaki, mingi sana. Watafiti waliokuja kuichambua mifupa ya namna hiyo kutoka miji mbalimbali ya Pwani wakaona jambo moja: samaki wa zamani zaidi walikuwa wa karibu, wale wa miamba, mikoko na maji ya ndani. Samaki wa maji makuu, kama vile papa, wanaongezeka baadaye, kuanzia kama karne ya 11, wakati miji inakua na biashara inanoga.

Mwaka 2015, Jeffrey Fleisher na wenzake walichapisha makala iliyouliza swali ambalo kwanza linachekesha: Waswahili walianza lini kuwa watu wa bahari? Hoja yao ni kwamba kukaa karibu na maji hakutoshi kumfanya mtu awe mbahari. Inachukua vizazi. Kwanza unajifunza mwamba ulio mbele ya nyumba, kisha mkondo ulio nje ya mwamba, kisha kina. Kwa macho yangu hili linageuza ile hadithi ya darasani. Majahazi hayakutangulia mitumbwi. Kwanza kulikuwa na watu waliokwenda na umande na kurudi na matlai, upepo wa asubuhi utokao mashariki, siku baada ya siku, mpaka bahari ikawa nyumbani. Ndipo wageni walipokuja na meli zao wakakuta watu wanaoweza kuwaonyesha pa kupita kati ya miamba.

Na wala mvuvi huyo hakuwa mtu wa kujifungia kijijini akidhani maji ya kifuu ndiyo bahari. Angalia ngalawa. Mtumbwi mtupu hupinduka haraka, kwa hivyo ngalawa ina matengo, mbao mbili zinazoshikiliwa pembeni kwa miti iliyokatiza, moja kila upande, ili iweze kubeba tanga bila kulala. Vyombo vya aina hiyo ndivyo alama ya watu wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki. Jamaa wa watu hao walivuka Bahari ya Hindi na kufika Madagaska zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mpaka leo Kimalagasi kina udugu wa karibu na lugha za Borneo kuliko lugha za majirani zake Waafrika. Wataalamu wengi wanaamini ufundi wa matengo ulitufikia kupitia kwao. Maana yake ni kwamba fundi fulani wa Pwani, mtu ambaye labda hakuwahi kushika kalamu, alitazama chombo cha mgeni, akakielewa, akarudi kwa gogo lake la mwembe na kulifanya liwe jambo jipya. Hiyo kwa jina lingine inaitwa elimu.

Elimu yenyewe huonekana wazi zaidi siku ya ukungu. Siku ya kawaida mvuvi hupata mwamba wake kwa kulinganisha alama za nchi kavu. Mnazi fulani ukae sawa na mnara wa msikiti, na upande wa pili kilima kikutane na ncha ya kisiwa. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo, shusha nanga. Ukitaka kuita GPS, ita, lakini hii haina betri ya kuisha. Sasa ukungu ukitanda, mnazi haupo, mnara haupo, kisiwa hakipo. Kinachobaki ni mwili. Mvuvi hushusha mshipi wenye chubwi na kuhesabu pima mpaka ufike chini, kisha kidole kinamwambia kama chini ni mchanga, tope au jiwe. Husikiliza mawimbi yanapovunjikia mwamba. Huhisi wimbi linapogonga ubavu na kujua chombo kimeelekea wapi. Anajua mwezi una siku ngapi, kwa hivyo anajua kama ni bamvua, maji yanakwenda mbio, au ni maji mafu. Anajua changu wako wapi saa hiyo, na pono, na tasi.

Mtihani huo haurudiwi. Ukifeli, kuna watu ufukweni wataanza kuulizana jioni. Na ukifaulu hakuna cheti, kuna changu kwenye tundu, basi.

Elimu hiyo ilisafiri pia. Kwa vizazi, wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka kuja ufuo wa Kenya, wakipiga kambi za muda ufukweni kwa miezi, jambo wanaloliita kwenda dago. Hukodi mahali pa kulala au hujenga vibanda, huvua, huuza, huoa pengine, kisha upepo ukigeuka hurudi. Mipaka ya mwaka 1963 iliwakuta tayari wako njiani. Ndiyo sababu Shimoni na Vanga kuna familia ambazo ukiwauliza kama ni Wakenya au Watanzania watakujibu kwa kutaja majina ya babu zao kwanza.

Nimefika kwenye karatasi sasa, na karatasi ndiyo shida ya hadithi hii yote.

Mwanzoni mwa mwaka 1934, Ernest Hemingway, akiwa amemaliza safari yake ya kuwinda bara, aliteremka Malindi kuvua kwa starehe. Kuvua kwake kumeandikwa katika vitabu vya maisha yake, na Malindi bado inautumia ujio huo kujitangaza. Waliokuwa wakivua maji yale yale kwa ajili ya riziki hawana ukurasa. Mwaka 1968 serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Nia ilikuwa kuyaokoa matumbawe, na matumbawe kweli yanahitaji kuokolewa. Lakini ndani ya hifadhi uvuvi ulikatazwa, na mgeni akabaki na ruhusa ya kulipa kiingilio na kuwatazama samaki kupitia kioo kilicho chini ya boti. Mwamba uliokuwa na majina ya alama zake sasa ukapata mstari kwenye ramani. Aliyejua alama hakuwa na ramani ya kuleta mkutanoni.

Lamu ndiko jambo hili lilikofika kilele. Mwaka 2011, baada ya wageni kutekwa nyara katika visiwa hivyo na hofu ya Al-Shabaab kupanda, serikali ilipiga marufuku uvuvi wa usiku. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2018. Usalama si jambo la mchezo, na waliouawa na kutekwa ni watu halisi. Ila fikiria ilivyokuwa kwa mwenye mtumbwi. Upepo wa umande haungoji saa kumi na mbili. Ukizuiwa kutoka gizani, unatoka jua limeshaanza kupanda, upepo wako wa bure unakufa mbele yako, na samaki wa alfajiri wameshakula na kuondoka. Kwa miaka saba, saa za umande zilikuwa kosa la jinai.

Katika miaka hiyo hiyo ikaja bandari. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET, wenye bandari ya gati 32 katika mipango yake. Ili meli kubwa ziingie, mkondo ulipaswa kuchimbwa. Mchanga na tope vikafumuliwa, mikoko ikakatwa, njia za mitumbwi zikafungwa. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Mji wa Kale wa Lamu ulikuwa tayari umeandikishwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia. Majumba ya mawe, milango ya kuchonga, vichochoro. Bahari iliyowalisha waliojenga majumba hayo haikuwa na kibao chochote.

Kundi la wakazi, katika kesi inayojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi na wenzake, lilikwenda mahakamani mwaka 2012. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa: haki ya mazingira safi, ya kupewa habari, ya utamaduni, na haki zao za uvuvi wa jadi. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe takriban shilingi bilioni 1.76.

Mimi huirudia hukumu hiyo kila ninapomsikia mtu akisema wavuvi ni watu waliokimbia umande. Hapa hawakuwa na hatimiliki ya maji, kwa sababu maji hayana hatimiliki. Hawakuwa na risiti za mababu. Walichokuwa nacho ni ule ujuzi wa mnazi na mnara, wa chubwi na kidole, na mahakama ya Jamhuri ilikubali kwamba hicho nacho ni haki ya kulindwa. Kitu ambacho Periplus ilikitaja kwa sentensi mbili kilipata hukumu nzima.

Sitaki kulifanya hili liwe sherehe. Fidia hulipa samaki aliyekosekana. Haijui kulipa mahali. Mkondo ukishachimbwa, ule mwamba uliokuwa kwenye makutano ya mistari miwili haupo tena, na mzee anayejua alama zake anabaki na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Jibu wanalopewa wavuvi ni kwamba waende mbali zaidi, bahari kuu, kwa boti za faiba na injini. Wengine watakwenda, na pengine watapata zaidi. Lakini boti ya injini inahitaji mtaji, petroli na mkopo, na haihitaji upepo. Kijana atakayeanzia hapo hatakuwa na sababu ya kujifunza umande unaanza saa ngapi, wala wimbi linasema nini ukungu ukitanda. Baba hatamfundisha mwana alama za mwamba usiokuwepo.

Sisi wa Eastlands tunakula samaki wa Ziwa Victoria na wa kufugwa kutoka China, waliokaangwa kando ya barabara jioni, na wengi wetu hatutawahi kununua samaki aliyetoka kwenye mtumbwi wa Lamu. Hasara hii haitaonekana kwenye sahani zetu. Itaonekana kwenye lugha kwanza. Neno umande litabaki na maana moja tu, ile ya nyasi na shule, na mtoto wa Pwani atakapoambiwa amekimbia umande, hatakuwa na namna ya kujibu kwamba babu yake alitoka nao kila siku.